Beseni la Udongo Wodini

Bwana asifiwe nyinyi mlioketi mbele, na nyinyi wa kule nyuma karibu na mlango, mnaotaka kutoka kabla ya sadaka, Bwana asifiwe pia!

Mchungaji ameniomba niandike ushuhuda wangu vile niliutoa kanisani, nisiongeze kitu. Sitaongeza. Lakini shule niliiacha nikiwa bado mdogo sana, kwa hivyo nikipotea njia mnisubiri, nitarudi.

Mimi ni mama mzee wa huku Kano, upande wa ziwa, si mbali na Kisumu. Nilizaliwa Awasi, ndiyo maana naitwa Nyar Awasi, binti wa Awasi, hata na wajukuu. Niliolewa mke wa kwanza. Mume wangu alifariki zamani, akaniacha na mke wake wa pili. Huyo namwita nyieka, yaani mke mwenzangu, na yeye ananiita hivyo hivyo, tukipendana na tukikasirikiana. Tofauti iko kwa sauti.

Ndugu zangu, kwetu kuna jambo la mbegu. Mvua ikinyesha, hakuna mtu wa boma anayetia mbegu udongoni kabla mke wa kwanza hajapanda. Yeye kwanza, halafu mke wa pili, halafu wake za wana, mkubwa mpaka mdogo. Ukimruka, mnapata chira. Chira ni laana ambayo haijatumwa na mtu, inakuja yenyewe. Unakonda, unakohoa, watoto wanapukutika. Na yule mliyemruka, ni kama mmemwambia amekwisha kufa, bado kuzikwa tu.

Mimi nimeokoka miaka mingi. Nilizamishwa katika maji ya ziwa mpaka kilemba kikaenda na mawimbi, na kilikuwa kilemba kizuri, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Naimba kwaya. Na bado chira niliiogopa! Kupanda wa kwanza nilikupenda, sitadanganya. Ni vizuri boma zima likusubiri. Lakini kichwa kikiniuma msimu wa mvua, sikuona kichwa. Niliona makaburi, nikidhani kuna mtu ameniruka. Hivyo ndivyo nilivyoishi, Biblia mkononi na hofu chini ya kitanda.

Haya. Nina binti, Atieno. Huyu alisoma akapita pale tulipofikiri masomo yanaishia. Nilipouliza, aliniambia sasa anatafuta udaktari. Nikafurahi, nikamwonyesha goti langu. Akasema, "Mama, si udaktari wa sindano. Ni wa utafiti." Kazi yake ni mbegu. Alitaka kujua mtama wa zamani, ule sisi wanawake tunauning'iniza juu ya moshi wa jikoni, unavumilia udongo wetu mweusi namna gani ukilinganishwa na ule wa dukani. Na alitaka upandwe katika mashamba yetu wenyewe, langu, la nyieka na ya wake za wana, yote siku moja, mvua ya kwanza.

Mwaka wa kwanza mafuriko yalibeba kila kitu, hata vigingi vyake. Wakubwa wa chuo wakamwongezea muda, wakamwambia huu ndio wa mwisho. Msimu huo ukipita bila mtama, miaka yake yote ya kusoma ingekwenda na maji.

Alikuja na mwenzake wa chuo hicho hicho, kijana Mluhya anaitwa Wafula. Huyo utafiti wake haukuwa wa mbegu, ulikuwa wa maneno. Alikuwa anakusanya vile wanawake wazee wanasimulia mambo ya kilimo. Ananiwekea simu mbele, naongea mpaka chai inapoa. Nilimuuliza, "Hata haya maneno yangu yatakupa udaktari?" Akasema ndiyo. Nikamwambia basi mimi ni profesa. Walikuwa wanachokozana na Atieno kutwa. Atieno anasema, "Wewe kazi yako ni umbea." Wafula anajibu, "Na wewe ni kuhesabu majani kama mbuzi."

Nimepotea kidogo. Mvua ilikuwa inakaribia, mawingu yamekaa juu ya vilima vya Nandi, nikateleza karibu na birika la ng'ombe. Mfupa wa paja ukavunjika. Nikapelekwa hospitali mjini Kisumu, nikalazwa wodi ya mifupa, mguu umefungwa uzito unaning'inia, nikingoja kupasuliwa.

Na mvua ikanyesha.

Ndugu zangu, nyinyi mnaojua udongo wa Kano hamhitaji kuelezwa. Ukiwa mkavu ni jiwe, ukilowa sana unameza gumboti. Kati ya hapo kuna siku chache tu za kupanda. Na boma lote limesimama na mbegu mkononi, linangoja mguu wangu.

Atieno alikuja kuniona, akanichana nywele, akaniuliza chakula cha hospitali kikoje. Hakutaja shamba. Aliponyamaza hivyo nilijua. Alipotoka kwenda kuongea na daktari, nikamuuliza Wafula, "Wamepanda?"

Akaangalia viatu vyake. "Bado, Mama."

"Wanangoja nini?"

"Unajua wanachongoja. Mzee Ogutu amesema mtu asiguse."

Mzee Ogutu ni shemeji yangu, ndugu ya marehemu. Ni mtu mzuri, ila anapenda kutoa amri. Aliwaambia, "Yuko kitandani, anangoja kisu, na nyinyi mnataka kumruka? Akifa mtasema ni daktari?" Na mimi, niseme ukweli, nilipoletewa maneno hayo nilikubaliana naye. Niliogopa kufa. Nikamwona mtoto wangu anapoteza miaka yake mbele ya macho yangu, na mdomo wangu haukuweza kusema, "Pandeni." Ulijaribu. Ulikataa.

Mzee Ogutu ndiye alitafuta njia. Alifikiri sana, akasema kama mguu hauwezi kwenda shambani, basi shamba litakwenda kwa mguu.

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, nikawaona wanaingia wodini wamepangana kama watu wa maandamano. Mbele Mzee Ogutu na kofia yake ya Jumapili. Nyuma yake nyieka na beseni kichwani, limefunikwa leso. Halafu Atieno ameinamisha uso kwa aibu, na Wafula na simu yake, anarekodi. Nyieka akaweka beseni juu ya kitanda changu, akafunua. Udongo! Udongo mweusi wa shamba langu mwenyewe, umelowa vizuri, unanukia nyumbani. Nilitaka kulia.

Mzee Ogutu akanipa mbegu za mtama. "Shemeji, panda. Ukishatia hizi, umepanda wa kwanza. Sisi tunakimbia nyumbani."

Nilikuwa nimeinua mkono. Hapo sista wa wodi akatokea.

"Hii ni nini?"

"Ni shamba, sista," Mzee Ogutu akasema kwa heshima, akavua kofia.

"Shamba?"

"La mama hapa. Anapanda kidogo tu, tunaondoka."

"Mzee, hii ni wodi ya mifupa! Watu wana vidonda! Mnaniletea matope juu ya shuka?" Na wakati huo huo nyungunyungu mnene akatoka kwenye udongo, akaanza kutembea juu ya blanketi ya serikali bila wasiwasi. Sista akapiga kelele, akanyakua beseni. "Ondoa hii shamba yako!"

Mama wa kitanda cha pili, ambaye tangu niingie alikuwa analia tu na kiuno chake, akasema, "Sista, ngoja kwanza, na mimi nipande sukuma wiki!"

Mwingine kule dirishani akaitikia, "Mimi ni wa Muhoroni, niwekeeni miwa!"

Wodi nzima ikacheka. Mama mmoja akawa anaomba, "Msinichekeshe, nyuzi zangu!" Nyieka akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Na mimi nikaanza kucheka, mguu umening'inia, mbegu bado mkononi. Nilicheka mpaka ule uzito ukagonga chuma cha kitanda. Hapo ndipo jambo likatokea, ndugu zangu. Wengine huwa wanasikia sauti. Mimi sikusikia sauti. Sikuona nuru. Niliona tu beseni la udongo linatolewa mlangoni, na nyuma yake shemeji yangu anakimbia akisema, "Sista, pole pole, ni shamba la watu!" Nikajiuliza: Huyu Mungu niliyemwimbia miaka yote, maisha yangu ameyaweka ndani ya beseni hilo?

Nikatafuta ile hofu, haikuwepo. Kama vile unapapasa jino lililong'olewa, unakuta pengo.

Nikasema, "Nyieka, inuka. Nenda upande."

Akaacha kucheka. "Kabla yako?"

"Kabla yangu. Anza wewe, wengine wafuate, leo hii, jua likiwepo. Mimi niko kwa mkono wa Bwana, siko kwa mkono wa mtama."

"Nyieka, mimi naogopa."

"Ogopa ukipanda."

Nikamrudishia mbegu. Atieno alinishika miguu, ule mzima na ule mbovu, nikapiga yowe, na huo ndio ulikuwa mwisho wa ibada yetu. Wakaenda. Wakapanda yote siku hiyo, hata shamba langu, alilipanda nyieka.

Msifikiri mambo yalikwisha hapo. Baada ya kupasuliwa nilishikwa na homa kali, natetemeka, nawaita watu waliokufa. Mzee Ogutu alikuja akasimama tu pembeni ya kitanda, hakusema, "Niliwaambia," lakini kofia yake ilisema. Hofu ikarudi ikabisha. Niliomba ombi fupi, maana sikuwa na nguvu ya refu: "Bwana, nilisema niko kwako. Bado niko." Daktari akabadilisha dawa. Homa ikashuka. Bwana apewe sifa, na daktari pia, mimi simnyimi mtu haki yake!

Mtama uliota. Ulikomaa. Atieno alipima, akaandika, akasimama mbele ya maprofesa wakamhoji, akapita. Aliwahi kunieleza utafiti wake ulipata nini, nikasahau. Siku ya kuvaa joho jekundu la udaktari Mzee Ogutu alikaa kiti cha mbele kuliko mama mzazi, akiwaambia wageni ni yeye aliyelinda shamba. Tukamwacha. Wafula naye amepita, na ameniambia lile beseni limo katika kitabu chake, na maprofesa walicheka kama wodi.

Mwaka huu mvua ilipokuja, mimi nikiwa na fimbo yangu, nilitoka nje asubuhi nikamkuta nyieka amesimama mlangoni kwangu na jembe.

Nikamwambia, "Unangoja nini? Si nilikuambia hakuna kungojana tena?"

Akasema, "Siogopi. Nakungoja tu twende pamoja."

Tukaenda, ndugu zangu, wanawake wazee wawili, polepole kwa sababu ya paja langu. Tukapanda mistari sambamba, tukipiga umbea, na sijui mbegu ya nani ilianguka kwanza.

Basi namshukuru Mungu, nawashukuru waliobeba udongo ule kutoka Kano mpaka Kisumu. Na wewe unayesoma hapa, kama kuna hofu inakuzuia kumwambia mtoto wako, "Nenda," mpe Bwana hiyo hofu. Alinitoa mimi, mke wa kwanza, mwenye kichwa kigumu. Wewe huwezi kumshinda. Amina!