Fundi Kona, Aliyefundisha Mpira Kupinda

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kona, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, aliyemuuguza hadi mwisho. Palipopungua mumwie radhi, amechoka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964. Hesabu alizikimbia, lakini mwandiko wake ulisifiwa. Kisha alibeba matofali kwa miaka mitatu, mpaka mgongo ukamgomea.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu. Wakata nyasi waliruhusiwa kucheza Jumatatu tu, nyuma ya banda la mashine, na wote kumi na mmoja walikuwa na fimbo moja. Banda liliwazibia njia. Wenzake waliupitisha mpira juu na kutoboa mabati, yeye akaazimia kulizunguka. Ilimchukua miaka miwili. Akitaka kushoto, mpira ulikwenda kulia. Akitaka kulia, ulinyooka kama wa mtu mwingine. Jumatatu moja ukatoka kuliani mwa banda, ukakata kona taratibu na kutua upande wa pili. Wenzake walimbeba juujuu, na hilo jina likaanzia hapo. Mwaka 1981 akafanywa mwalimu wa uwanja, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2009.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa binti na mwana. Wakwe walipokuja kunywa chai kwa mara ya kwanza, aliwaonyesha ufundi wake kwa mwiko na kiazi cha kuchemsha. Kiazi kilinyooka hadi kwenye miwani ya baba mkwe. "Kilitakiwa kipinde," akasema. Mkewe anasema katika miaka arobaini na saba hakuwahi kumsikia akikiri kosa zaidi ya hapo.

Alifundisha kwa maneno yaleyale miaka yote: uso wa fimbo uelekeze unakotaka mpira uishie, miguu ielekeze unakotaka uanzie. Binti yake aliyameza maneno hayo tangu ana miaka minane, maana baba aliamini samaki mkunje angali mbichi. Tarehe 9 Agosti 2003, kwenye fainali ya wanawake, shimo la mwisho, mti ulisimama kati yake na bendera. Alifanya kama alivyofundishwa, neno kwa neno. Mpira ukaenda kugonga shina. Alishindwa kwa pigo moja, na baba akamwambia mbele ya watu, "Mikono yako haina utii." Binti alirudisha fimbo zake stoo, hakuzigusa tena.

Mwaka 2011 binti alionyeshwa picha za kamera zinazopunguza mwendo. Mpira huanzia pale uso wa fimbo unapotazama, kisha ndipo hupinda. Maneno ya baba yalikuwa kinyume. Alipomweleza, mzee aliacha chai mezani. "Mimi nimepinda mipira wewe hujazaliwa!" Ni kweli, aliipinda. Lakini hakuambilika, na kwa miaka saba walisalimiana tu.

Tarehe 19 Februari 2018 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa. Mama magoti yalikuwa yamemshinda, kaka yuko mbali kikazi, kwa hiyo aliyebaki ni binti. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, akamlisha uji, akafua mashuka. Haikuwa kazi ya kusifia. Kuna siku alimchukia, na kuna siku alimwonea huruma, mara nyingi siku ileile.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2022, binti akimkata kucha, mzee aliomba fimbo. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaugeuza uso wa fimbo huku na huku, muda mrefu.

"Mama, kaa," alimwambia binti yake. "Mikono yangu ilikuwa inafanya kingine, mdomo unasema kingine. Wewe ulitii. Ndiyo maana uligonga mti."

Binti aliendelea kukata kucha, maana hakujua afanye nini kingine. Aliumia. Miaka kumi na tisa ni mingi.

"Utayasoma hayo siku ya kunizika," mzee akasema.

"Baba, hayo si mambo ya msibani."

"Ndiyo yenyewe. Wanafunzi wangu wote watakuwepo, na hakuna atakayethubutu kuondoka."

Alifariki tarehe 6 Juni 2022, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nyumbani, akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu.

Wanafunzi wake mliopo hapa: mwalimu wenu alikosea, na anawaomba radhi. Binti yake, aliyeombwa kwanza, alimjibu, "Nimesikia, baba." Mzee aliondoka neno la kusamehe likiwa bado halijamtoka binti. Analisema leo, mbele yenu.

Pumzika kwa amani, baba. Nimekusamehe.