Zahanati Arobaini na Moja

Sogeeni wanangu, Yasunori huku, Chizuru kule, na mlango ufungeni, maana daktari amenipa siku chache na nyinyi kesho asubuhi mnakwenda kuuza kampuni yangu. Yasunori, acha kuangalia saa. Anayeondoka ni mimi.

Nyumba ya hapa Toyama ni ya Chizuru, aliyeniuguza. Hisa zangu gawaneni sawa kwa sawa, na huo ugomvi wenu wa tangu msiba wa mama yenu uishe leo, nimechoka kuwa mpeleka salamu kati yenu. Hayo ni mepesi. Linaloninyima usingizi ni jingine.

Mnajua programu yetu ndiyo inayotunza rekodi za wagonjwa katika zahanati arobaini na moja, na daktari akiandika dawa ambayo mwili wa mgonjwa unaikataa, onyo jekundu hutokea. Mwaka jana niliwakimbiza wafanyakazi wahamishe rekodi zote kwenye programu mpya kwa miezi miwili, kazi ya mwaka mzima, ili wanunuzi wa Osaka watuone wa kisasa. Ikaja ripoti ya kazi hiyo mezani kwangu ina mihuri tisa, kila aliyehusika na muhuri wake wa jina. Minane imeinama kushoto, kuelekea nafasi ya muhuri wangu, kama ilivyo adabu ya ofisi zetu, mdogo humwinamia mkubwa hata kwenye karatasi. Mmoja umesimama wima. Ulikuwa wa Orihara, yule dada mtengeneza programu. Basi mimi, badala ya kusoma ripoti, nikasoma muhuri! Nikamwita, nikamfokea mbele ya wenzake. Akanijibu taratibu, "Mzee, nifokee utakavyo, lakini soma ukurasa wa pili. Wagonjwa wa zamani wamepoteza maonyo yao. Iko siku mtu atachomwa sindano ya kumuua, na kompyuta itanyamaza."

Nikamhamishia stoo kupanga maboksi, na baada ya wiki mbili akaacha kazi. Nikapiga muhuri wangu bila kufika huo ukurasa wa pili, nikajiona nimelinda heshima. Heshima gani? Ujinga mtupu.

Ukurasa huo niliusoma mwezi uliopita, hapa kitandani. Nikampigia Daktari Nagase, wa mojawapo ya zahanati hizo, kumjulia hali tu, akanisimulia kwamba bibi mmoja pale kwake nusura achomwe sindano isiyomfaa. Aliyemwokoa ni muuguzi wao, Tomoe, anayewajua wagonjwa wote kwa kichwa. Alimshika daktari mkono. Nami sikumwambia kosa ni letu. Tomoe anastaafu Ijumaa hii. Kwenye zile zahanati nyingine arobaini, nani anakumbuka?

Nikakwambia wewe, Yasunori. Ukanijibu, "Baba, tulia, tukishauza litakuwa tatizo lao." Na wanunuzi walipouliza kwa maandishi kama ipo kasoro, ukaandika hakuna. Nilishindwa kukukaripia, kwa sababu mwalimu wako ni mimi. Lakini hao wataifunga ofisi yetu, na wanaojua rekodi ziliharibika wapi watapunguzwa kazini. Naogopa, wanangu. Kifo chenyewe sikiogopi hivi.

Basi shikeni neno langu. Waambieni Osaka ukweli leo, na wakikataa kununua, wakatae. Mtafuteni Orihara, mwombeni radhi kwa niaba yangu, na akikubali, arudi arekebishe. Nizikeni bila mbwembwe. Na zahanati zote zipigiwe simu kabla hazijafungwa jioni hii, kila mgonjwa aulizwe kwa mdomo dawa gani inamdhuru, mpaka programu itengenezwe.

Maji kidogo, Chizuru... Inatosha. Wazee wetu waliotangulia wawatunze. Mzeeke pamoja, mpendane, mlale usingizi mzuri.

Yasunori, toa simu. Si kesho... sasa. Anza na Nagase, nikiwa nasikia. Inaita?... Usikate. Jitambulishe kwanza, taja jina letu... Haya, mwanangu. Mwambie.