Marehemu Wilbrodi, Msoma Zebaki wa Bagamoyo

Mapadre, mabruda, masista, wazee wa mji, na ndugu mliotoka Mbegani na Kerege kuja kutusaidia kuzika: mimi ni Ferdinandi, seremala wa misheni, shemeji yake marehemu. Gertruda, mjane wake, ni dada yangu wa tumbo moja. Aliniomba niandike maisha ya mumewe, nikakataa. Akaniomba tena, nikakataa. Jana jioni hakuomba, aliweka karatasi na wino mezani kwangu akaondoka.

Marehemu Wilbrodi alizaliwa Uzigua mnamo mwaka 1860. Siku na mwezi hakuvijua. Alichokumbuka ni mama yake akimwambia kwamba alikuja duniani wakati mtama unavunwa. Alitekwa angali mdogo, na mapadre wakamkomboa hapa Bagamoyo mwezi wa Agosti 1870. Mwezi wa Aprili 1872 alikuwa miongoni mwetu watoto tuliokutwa na kile kimbunga kilichobomoa majengo ya misheni. Alijificha chini ya meza ya jikoni, na alipotoka aliikuta meza tu, jiko halipo. Tangu siku hiyo aliogopa upepo, wala hakuona haya kusema hivyo. Alibatizwa mkesha wa Pasaka, tarehe 12 Aprili 1873.

Shuleni alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Ndiyo sababu Bruda mmoja alimchagua kutunza kipimahewa. Wageni msiokijua, ni bomba jembamba la kioo lililotundikwa ukutani, lenye zebaki ndani. Hewa ikiwa nzito zebaki hupanda, hewa ikilegea hushuka, na ikishuka sana baharini kuna jambo. Wilbrodi alikabidhiwa kazi hiyo tarehe 1 Juni 1880. Aliisoma zebaki mara nne kwa siku na kuandika daftarini. Akiona hatari alipandisha kitambaa chekundu kwenye mlingoti wa ufukweni, ili mashua za Unguja zisiondoke.

Hapa nitasema kichekesho ambacho yeye mwenyewe alipenda kukisimulia. Wiki ya kwanza alipandisha kitambaa siku nne mfululizo, kila ifikapo saa kumi alasiri. Abiria wakaketi juu ya mizigo yao, na bahari imetulia kama maji ya mtungini. Nahodha Mwinjuma, ambaye wengi wenu mlimjua, alimjia akamwambia, "Mwanangu, hicho kitambaa chako kinatulaza njaa." Bruda ndipo akamweleza kwamba katika nchi zetu hizi za joto zebaki ina desturi yake: kila siku hupanda hadi saa nne asubuhi, kisha hushuka mistari miwili mitatu hadi saa kumi alasiri, hata kama hakuna upepo wa kutikisa jani. Mimi nikampachika jina la Bwana Alasiri. Mji mzima ukalishika. Alicheka pamoja nasi, lakini tangu hapo kila alipotaka kupandisha kitambaa, mkono wake ulisita.

Alimwoa dada yangu Gertruda tarehe 5 Mei 1883. Alikuwa mume mpole. Mwezi wa Februari 1884 walimpata Tarcis, na Desemba 1885 wakampata binti. Binti huyo walimpa jina la Katarina, jina la marehemu mke wangu. Mimi sikuhudhuria ubatizo wake.

Sababu yake mnaijua, au mnadhani mnaijua. Jumanne ya tarehe 14 Aprili 1885, mashua ya nahodha Mwinjuma ilikuwa ikiondoka kwenda Unguja na watu kumi na mmoja. Katarina wangu alikuwa mmoja wao. Jino lilikuwa limemtesa siku tatu, akawa anakwenda kwa tabibu huko, shavu limefungwa leso. Alipita kwa marehemu saa nne asubuhi akasimama mlangoni, akauliza, "Shemeji, twende au tusiende?" Marehemu akamjibu, "Nendeni. Kumetulia." Saa nane mchana upepo ulitoka kaskazini bila kubisha hodi. Siku ya tatu usukani wa mashua uliokotwa Mbegani. Hakuna kingine kilichopatikana.

Bi Mwanvita, mjane wa nahodha, alikuja misheni na watoto wake akamwuliza mbele za watu, "Kile kioo chenu siku ile kilikuwa kimelala?" Mji ukasema kosa ni lake, na mimi nikaacha mji useme.

Kuanzia hapo alisoma zebaki mara kumi kwa siku. Alianza pia kuandika daftarini jina la kila abiria aliyepanda mashua, na alipomwona amerudi aliweka alama mbele ya jina lake. Daftari hilo ninalo hapa. Ukurasa wa 14 Aprili una majina kumi na moja, ameyaandika baada ya msiba, na mbele yake hakuna alama. Ameacha nafasi.

Na kuna jambo ambalo dada yangu aliniruhusu niliseme. Kila siku, saa nne asubuhi, marehemu aliacha alichokuwa akikifanya, akageukia mlangoni na kusema, "Msiende, shemeji. Zebaki haikupanda." Alisema kwa adabu, kama mtu anayemjibu mgeni. Gertruda alizoea kuangalia mlango, na hakuona mtu. Mwaka jana Tarcis, akiwa mtoto wa miaka miwili, alimwuliza mama yake yule mama aliyefungwa shavu ni nani. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za leso.

Homa ilimshika tarehe 9 Oktoba mwaka huu, ikaingia kifuani. Masista walimhudumia kwa moyo wote, na tunawashukuru. Nilikwenda kumwona Jumatano, siku ya Marehemu Wote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumbani kwake tangu msiba ule. Saa nne ilipofika nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Aligeuka, akatazama pembeni yangu, akasema maneno yake yale. Kisha akanitazama mimi. "Ferdinandi," akasema, "siku ile nilikuambia, au niliota tu kwamba nilikuambia?"

Nikamwambia, "Pumzika, shemeji."

Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 3 Novemba 1887, alfajiri, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba hivi. Aliondoka na swali lake.

Ndugu zangu, Bi Mwanvita uliyeketi pale, dada yangu Gertruda: aliniambia. Asubuhi ile nilifika kwake kabla ya Katarina, nimebeba kikapu chake. Wilbrodi alinishika mkono akasema, "Shemeji, tangu alfajiri zebaki haijapanda hata mstari mmoja, na huu ndio wakati wake wa kupanda. Sijapata kuona hivi. Nataka kupandisha kitambaa." Kilikuwa tayari mkononi mwake. Mabaharia walikuwa wamesimama pale nje. Nami nikapaza sauti ili wasikie, nikasema, "Jamani, Bwana Alasiri leo kaanza asubuhi!" Wakacheka wote. Mwinjuma alicheka. Katarina alifika tukiwa bado tunacheka, akauliza swali lake. Wilbrodi alinitazama mimi kwanza. Nikamtikisia kichwa na kucheka. Ndipo akakikunja kile kitambaa, akamwambia nendeni.

Miaka miwili na nusu mmemlaumu yeye, na mimi nimekula na kulala. Yeye hakunitaja kwa mtu, hata kwa mke wake. Kosa ni langu. Nimelisema mbele ya jeneza nililolichonga mwenyewe, na yeyote mwenye la kuniambia anikute hapa baada ya maziko, sitakwenda popote.

Marehemu ameacha mjane, Gertruda, na watoto wawili, Tarcis na Katarina. Katarina ataniita mjomba kuanzia leo, kama mama yake ataridhia.

Leo asubuhi nilikwenda kuisoma zebaki, maana hakuna mwingine wa kuisoma. Saa nne ilikuwa imepanda mistari miwili, kama desturi yake. Nimeiandika daftarini. Chini yake nimeandika jina la Wilbrodi, abiria, na mbele yake nimeacha nafasi.

Uliniambia, shemeji. Hukuota. Nenda. Kumetulia.

Mungu akupokee ufukweni, na akupe pumziko la amani.