Tangi la Bitutu Linavuja

Mbele ya duka la vioo la Mosoti, pale Rodi Kopany kwenye barabara ya kwenda Rongo, kuna benchi ambalo halijui siku ya mapumziko. Asubuhi hiyo lilikuwa limebeba wazee wawili na tangi la samaki la vioo, limewekwa juu ya gunia, likidondosha maji tone kwa tone. Mwenye tangi alikuwa Omanga, ambaye kijiwe kizima humwita Bwana Samaki, kwa kuwa ndiye mtu pekee wa upande huu anayewalisha samaki badala ya kuwala. Bintiye Bitutu alikuwa ametua Kisumu alfajiri, kutoka Doha, baada ya miaka miwili ya kazi. Saa sita angeshuka hapo stendi. Alipoondoka alimwachia babake hilo tangi na samaki wadogo wanne wekundu, akamwomba awatunze.

— Ilianza lini? Mosoti akauliza, huku akipitisha kidole kwenye kona ya tangi.

— Juzi. Nikamwita Nahodha.

Wote wakamgeukia mzee wa pili pale benchini, Joash, muunda mashua wa Homa Bay, ambaye jina la Nahodha alijipa mwenyewe.

— Mimi nilifanya kazi safi, Joash akajitetea. Omera, ndugu yangu, mashua zangu thelathini ziko ziwani saa hii na hakuna hata moja inaingiza maji. Nilichukua pamba, nikachukua gundi nyeusi, nikaziba kona zote. Kwa nje, vizuri kabisa.

— Kwa nje?

— Sasa mashua inazibwanga wapi?

Mosoti akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

— Nahodha, mashua ikiwa ziwani, maji iko wapi?

— Nje.

— Na hii?

Joash akagusa gundi yake kwa kidole.

— Ndani, akasema polepole.

— Haya. Mashua, maji inasukuma gundi iingie. Hapa maji inasukuma gundi itoke. Umemzibia mzee wa watu mashua!

Mong'ina, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likatikisika mkononi. Omanga hakucheka. Alikuwa anaangalia maji yalivyokuwa yameshuka tangu alipoketi.

— Lakini tusilaumu gundi peke yake, Mosoti akasema, maana aliona uso wa rafiki yake. Ni lori za miwa. Kila ikipita, nyumba inatetemeka, kioo inalegea. Halafu hii ni kioo ya dirisha. Imezoea kuangalia nje. Ukiifungia maji, inachoka roho.

— Dawa ni rahisi, Joash akadakia. Tunaweka tangi ndani ya pipa, tunajaza pipa maji. Ya ndani inasukuma, ya nje inasukuma, gundi inakosa mahali pa kwenda.

— Na pipa ikivuja?

— Pipa tunaweka ndani ya mashua.

— Mashua ikae wapi? Sebuleni kwa Omanga?

— Ikae Homa Bay, kwa ziwa. Bitutu akitaka kuona samaki yake, mimi nampigia makasia. Bure!

— Nyinyi wanaume hamjui kitu, Mong'ina akasema. Hao samaki wamesikia mwenyewe anakuja. Wanasukuma kioo wakampokee stendi.

Hapo hata Omanga alitabasamu kidogo, lakini pamba ya Joash ikachomoka na maji yakaanza kutoka kwa mkondo. Mong'ina hakungoja kuambiwa. Alimwaga maji ya beseni lake la vikombe, akalisuuza, akaliweka chini ya benchi. Kila mmoja akanyakua kikombe, wakaanza kuchota. Joash, mwenye mikono ya kupasua mbao, alimvusha samaki mmoja ndani ya kikombe cha kahawa huku amezuia pumzi. Wote wanne walifika kwenye beseni wazima.

— Nikipaka gundi ya silikoni sasa, kwa ndani, itakaa vizuri, Mosoti akasema. Lakini inataka siku nzima ikauke.

— Sasa ni saa ngapi? Omanga akauliza.

— Saa tano na nusu.

Omanga akaketi.

— Mama yake tulimzika Machi, yeye akaenda Mei. Akaniambia, baba, hawa wakae na wewe, nyumba isinyamaze. Kila jioni naongea na wao, msinicheke. Kitu moja aliniachia. Moja tu. Atasema sikuichunga.

Hakuna aliyemcheka. Joash alimwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Gari liliwahi. Kabla hawajalificha tangi, Bitutu alikuwa amesimama mbele yao na sanduku lake, amenenepa uso, macho ni yale yale. Omanga aliinuka haraka akasimama katikati ya bintiye na benchi.

— Bitutu, mama, usikasirike. Tangi imevuja. Lakini samaki wako hai, wote wanne. Wamekula saa kumi na mbili asubuhi, sijawahi kuwanyima chakula siku hata moja.

Bitutu alimkumbatia kwanza, akakawia. Kisha akachuchumaa akatazama beseni.

— Naona, baba. Wamenona kweli.

Alipoinuka aliingiza vidole kwenye ukosi wa shati la babake. Ni yeye aliyemtumia shati hilo Krismasi, kwa kipimo alichokikumbuka, na sasa vidole vyote vinne vilipita kati ya kitambaa na shingo bila kugusa chochote.

— Na wewe umekula nini leo?

Omanga akafunga kifungo cha ukosi.

— Jana je?

Bitutu akawageukia wa benchini, taratibu, bila ukali wowote.

— Wazee wangu, jana baba alikula nini?

Mosoti akamtazama Joash, Joash akamtazama Mong'ina. Mong'ina, aliyemmiminia Omanga kahawa kila asubuhi kwa miaka miwili, alifunua birika akachungulia ndani kwa muda mrefu. Hakuna aliyejua.