Mwanafunzi wa Ishirini: Mama Emilia wa Makote

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 13 Agosti 1960, ni Anjelina, binti wa Benedikto Sijaona na Veridiana. Alizaliwa Lupaso, Masasi, Machi 1914, msichana pekee kati ya watoto watatu. Kaka zake walipelekwa shule, yeye akapelekwa shambani. Jioni aliwasikiliza wakikariri hesabu za kuzidisha, akazishika kwa sikio kabla yao, lakini herufi hata moja hakuijua.

Mwaka 1933 aliolewa na Isaka Majaliwa, mkulima wa korosho wa hapa Makote. Walijaliwa watoto wawili, Benedikto na Emilia.

Januari 1951 serikali, katika mpango wake wa kupanua elimu, ilileta mwalimu Makote afungue darasa la wasichana. Sharti lilikuwa wapatikane ishirini kabla ya mwezi kwisha. Wakipungua, mwalimu ahamishwe. Wakajitokeza sita. Anjelina alipita nyumba kwa nyumba akagundua kwamba wazazi hawakuichukia shule, ila asubuhi mabinti walikuwa bondeni kuteka maji, na kupanda nayo mpaka huku juu ni safari. Akamwomba mwalimu masomo yaanze saa nane mchana. Mwalimu akakubali. Wakafika kumi na tisa, wakakwama hapo.

Karani wa elimu alipokuja kuhesabu, alimkuta mama wa miaka thelathini na sita ameketi dawati la nyuma.

"Mama, hapa unafanya nini?"

"Nimekuja kusoma, baba. Niandike wa ishirini."

"Una umri gani?"

"Umri wa kutojua kusoma."

Karani alicheka mpaka akaweka kalamu chini, kisha akaishika tena akamwandika.

Wengi walidhani ni ya siku moja. Alisoma miaka minne, dawati moja na Emilia, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mama yake na hakuacha kulisema hilo. Anjelina aliwahi kuchelewa siku tatu mfululizo, mwalimu akaagiza mzazi aje. Akaenda Isaka, kofia mkononi, akaahidi kwamba hatarudia. Jana usiku hapa msibani Isaka mwenyewe katusimulia hayo, tukacheka mpaka machozi yakabadilika maana.

Miaka hiyo vijana wetu walikuwa wakiondoka kwenda manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kazi. Mwaka 1956 serikali ilianzisha mafunzo ya useremala Newala, ila kwa wajuao kusoma na kuandika. Anjelina akawakalisha kumi na mmoja barazani kwake, Benedikto akiwamo, akawafundisha miezi saba. Wote walipokelewa. Jeneza hili ni kazi ya mikono yao.

Juni mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Hata wodini aliwasomea wagonjwa wenzake barua zao. Alifariki jana, Ijumaa, saa tano asubuhi. Muda mfupi kabla alimwambia Emilia, "Msiba wangu usifunge darasa."

Ameacha mume, Isaka. Mwanawe Benedikto, fundi seremala. Emilia, anayesomea ualimu. Wajukuu watatu na kaka zake wawili. Familia inawatangazia wazazi kwamba Jumatatu saa nane mchana wasichana wote hamsini na wawili wa darasa lile wanatakiwa darasani.

Mungu ampumzishe Anjelina kwa amani.