Binti Aliyecheza Mama wa Kambo

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu na kreti mbili za soda zilizopinduliwa, mbele ya duka la Fundi Saa, pale ambapo kivuli cha ghorofa la jirani hufika mapema alasiri. Mama Kahawa huweka jiko lake pembeni, na wanaokuja huja na maneno mengi kuliko kiu. Siku hiyo alikuwapo Fundi Saa mwenyewe, mtu anayetengeneza saa za wenzake na kuchelewa kila anapokwenda. Alikuwapo kinyozi waliyempa jina la Spika, kwa kuwa hajawahi kupatikana wa kumzima. Na alikuwapo mwigizaji ambaye mtaa mzima ulimwita Sumu. Jina hilo alilivuna kwenye televisheni, katika tamthilia ambamo alimtilia shemeji yake sumu kwenye chai huku akimpa pole ya mafua. Tangu hapo bibi mmoja sokoni alikataa katakata kumuuzia nyanya. Lakini siku ambazo harekodi, Sumu alifundisha vijana maigizo katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati, na huko aliitwa Mwalimu tu.

— Kahawa yako inapoa, Mwalimu, alisema Mama Kahawa. Kijiweni pale ni yeye peke yake aliyemwita hivyo.

— Acha ipoe, mama. Yule binti wangu ameachishwa.

— Yupi?

— Anayecheza mama wa kambo. Baba yake kaniletea ujumbe asubuhi: "Binti yangu haji tena mazoezini. Asante kwa muda wako." Basi. Na onyesho ni wiki ijayo.

Spika akavuta kreti karibu.

— Sababu naijua. Ni wewe. Mzazi gani atampeleka mwanawe kwa muuaji?

— Mimi sijaua mtu, Spika.

— Tulikuona. Mtaa mzima tulikuona. Ukakoroga na kijiko.

Fundi Saa hakuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua.

— Dawa yake ni ndogo, alisema. Kamwambie mwandishi wa tamthilia akutubishe. Sehemu mbili tu. Unalia, unaomba msamaha, wazazi wanarudi.

— Kutubu hakutoshi, Spika akasema. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Maana yake, akishaiva humsamehe, unamla. Wewe unatakiwa ufe.

— Nife?

— Kwenye tamthilia. Tena si kufa kwa kuambiwa. Tuone jeneza. Halafu tukufanyie matanga hapahapa mtaani, turubai na viti, wazazi waje watoe rambirambi. Mtu akishamlia Sumu kwa machozi yake mwenyewe, kesho ataona haya kumkatalia Mwalimu.

— Na mimi wakati wa matanga nakaa wapi?

— Unapokea rambirambi. Wewe si ndiye mfiwa wa karibu?

Mama Kahawa alicheka mpaka akaweka birika chini. Mwalimu naye alitabasamu, ila tabasamu lilifika mdomoni likaishia hapo. Alikuwa amewafundisha vijana wengi. Wapo waliojua kulia, wapo waliojua kuchekesha. Aliyejua kunyamaza jukwaani mpaka watu wakasahau kukohoa alikuwa mmoja, na ndiye huyo aliyeachishwa.

Wakati huo mgeni mmoja alikuwa ameshaomba kahawa na kukaa mwisho wa benchi. Alikuwa mtu mzima wa makamo, miwani nyeusi ya kuchomelea imening'inia shingoni, mikono ina madoa madogo ya cheche za moto. Aliwasikiliza kwa muda bila kuingilia. Kisha akasema:

— Samahanini, wakubwa. Mtu akiigiza ubaya, ule ubaya anautoa wapi?

— Swali dogo hilo, Spika akadaka. Unatoka kwenye damu. Ndiyo maana si kila mtu anachaguliwa.

— Unatoka kwa mwandishi, Fundi Saa akasema. Mwigizaji ni mshale wa saa tu. Anazunguka, lakini saa haijui.

— Fundi, usimpotoshe mgeni. Mimi nimenyoa watu wa studio, wananiambia. Kule kuna chumba. Unaingia wewe na roho yako njema, wanakupaka ubaya kama poda, tabaka kwa tabaka. Ukitoka unanawa. Sasa kuna wasionawa vizuri, masikioni unabaki kidogo, wanakwenda nao nyumbani. Ndiyo utaona mwigizaji kaachana na mke. Kisa poda. Na huko mbele, mimi nawaambia, watauza ule ubaya kwenye chupa, mtu ananunua wa kwenda kudaia kodi...

Mgeni aliweka kikombe chake chini. Alikiweka polepole sana, kana kwamba benchi limelala na hataki kuliamsha. Akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa kikombe, mzunguko mzima. Akamtazama Spika.

— Endelea tu, akasema. Nakusikiliza.

Sauti ilikuwa ya chini na ya adabu. Spika alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo.

Mwalimu alikitazama kikombe. Mwendo ule wa mkono alikuwa ameshauona. Wiki iliyotangulia, ukumbini, aliwaambia wanafunzi wake: msinichezee hasira, hasira haichezeki, nendeni mkamtafute mtu mliyemwona amekasirika, mje naye hapa. Wakaja na askari wa barabarani, wakaja na mwenye nyumba, wote wanapiga kelele. Zamu ya binti ilipofika, alikaa mezani kama mama wa kambo, na aliyecheza mtoto akaanza kujitetea kwamba hakuchelewa kwa makusudi. Binti akaweka kikombe chini polepole. Akapangusa ukingo kwa dole gumba. Akasema maneno ambayo hayakuandikwa popote: "Endelea tu. Nakusikiliza." Aliyecheza mtoto alilia kweli. Na Mwalimu alipiga makofi.

— Wewe ni baba yake, Mwalimu akasema.

— Ndiye mimi.

Fundi Saa aliinua kichwa. Spika akaanza kutazama viatu vyake.

— Sikukuja kwa ajili ya sumu ya kwenye televisheni, mgeni akaendelea. Nami naifuatilia, unacheza vizuri. Nilikuja kumwona anayemfundisha mwanangu. Juzi nimetoka kazini, nikamkuta jikoni anafanya mazoezi, anasema na kiti. Nikasimama mlangoni. Sikuyashika maneno, niliona macho tu. Nikaogopa. Mimi moto haunitishi, nashinda nao. Mtoto niliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki akanitisha kwa namna alivyokaa mezani. Nikasema, huko ukumbini wanampa nini? Nikamwachisha.

Alinyoosha mkono achukue kikombe, mkono ukasita njiani. Akakitazama kikombe. Akamtazama Spika, ambaye bado alikuwa kimya. Mwalimu aliona lile jambo likimwingia mtu yule taratibu, naye hakuwa na namna ya kulizuia.

— Hajawahi kunijibu, mgeni akasema, kama anayesema na nafsi yake. Nimekuwa nikijisifu kwa watu. Sijawahi kumpiga, sijawahi kumpigia kelele. Akikosea namwita, anakaa, ananieleza. Nikadhani ni adabu.

— Mwalimu, hivi ndivyo anavyoniona?

Mwalimu alikuwa na majibu ya kazi yake. Angeweza kusema kwamba mwigizaji huokota mkono hapa na sauti pale, na kwamba mhusika si picha ya mtu mmoja. Yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingekuwa jibu. Spika, mtu wa majibu, alikuwa ameinama. Fundi Saa alifunga mfuniko wa saa ya watu na kuufungua tena.

— Muulize yeye, Mwalimu akasema mwishowe.

— Nianzeje?

— Sijui, ndugu yangu. Mimi nawafundisha kuanza wakiwa na maneno ya mtu mwingine.

Mgeni akatikisa kichwa kukubali. Alitaka kikombe kingine, lakini birika la Mama Kahawa lilikuwa limebaki machicha ya kahawa tu. Akainuka, akaaga kila mmoja kwa mkono, hata Spika, akashika njia.

Jumatatu binti alirudi mazoezini. Alimwamkia Mwalimu, akapanga viti na wenzake, hakueleza lolote wala hakuulizwa. Walipofika kwenye sehemu yake, alikaa mezani, mtoto akaanza kujitetea. Binti akapiga meza kwa kiganja. Akafoka, akasimama, akashika kiuno, mama wa kambo kama wote ambao watu wamewahi kuwaona. Wenzake wakacheka na kumpigia makofi. Yeye akamtazama Mwalimu, akingoja.

Kwa mwanafunzi mwingine yeyote Mwalimu angesimamisha zoezi palepale. Aliona alichokitupa binti yule, kikombe na ile sauti ya chini, na alijua hakukitupa kwa kusahau.

— Sawa, akasema. Tuendelee na inayofuata.

Alasiri alifika kijiweni kabla ya wengine. Mama Kahawa alimmiminia, naye Mwalimu akaketi kwenye kreti ya Spika.

— Binti karudi?

— Karudi.

— Na baba yake?

— Sikumwona. Ila binti kaambiwa kitu, au kasema kitu. Mmoja wao kasema.

— Na mchezo?

— Mchezo umepungua.

Mama Kahawa akachochea makaa, akasubiri yashike.

— Utamwambia arudie ule wa mwanzo?

— Ule si wangu kuuomba, Mwalimu akasema, akapuliza kahawa. Huko ng'ambo ya barabara Spika alikuwa akifunga kibanda chake cha kunyolea, anazungumza na mteja wa mwisho, mikono juu, sauti inafika kabla yake.