Mzee Tona, Aliyetuondolea Printa Mezani

Ninyi wakuu wa idara mnaoulizana koridoni kama printa zenu za mezani zitarudi Mzee Tona akishaondoka, hamna haya? Mtu hajavua hata kitambulisho shingoni, tayari mnataka kuibomoa kazi yake. Hazirudi. Sasa tulieni msome. Mimi mpika chai ndiye niliyeombwa kuandika, na nimeandika ninavyosema.

Mzee Tona, msimamizi wa chumba chetu cha uchapaji, anastaafu Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Jina lake la kwenye vyeti analijua mkewe na mtu wa mishahara. Sisi tulimpa hili siku alipofungua kopo la tona, ule wino wa unga wa mashine, huku feni inazunguka. Alitoka chumbani yamebaki macho na meno. Alikuwa kijana bado, lakini uzee ulimkaa siku hiyohiyo, maana badala ya kuona aibu alitugombeza sisi tuliocheka.

Alianza kama mpiga fotokopi. Mashine ya wakati huo ilikuwa inanguruma kama inakoroma, na yeye alikuwa anaongea nayo, mara anaibembeleza, mara anaitukana. Tai haikukosa shingoni mwake, na ncha yake aliichomeka ndani ya shati, kati ya vifungo, isije ikamezwa. Wageni walidhani ni mtindo mpya. Mmoja alikwenda akaiga.

Lakini hizo tai hazikumfanya akumbukwe. Printa ndizo zilizomfanya.

Waliokuja juzi hawajui kwamba hapa ofisini printa ilikuwa cheo. Mtu akipandishwa daraja, kabla hata hajapewa mkono wa pongezi, anauliza printa yake italetwa lini. Naibu alipewa ndogo, mkuu akapewa ya rangi. Mwanasheria wetu alikuwa nazo mbili, na moja haikuwahi kuchomekwa kwenye umeme. Aliiwekea ua la plastiki juu. Kila printa na wino wake, wa hii hauingii kwenye ile. Kabati la stoo lilijaa vikopo visivyo na mwenyewe, na bado kila wiki mtu analia wino umekwisha. Na karatasi ndiyo usiseme! Mimi ndiye niliyekuwa namwaga makapu. Mtu anatuma kitu kichapwe, simu inaita, anasahau, anatuma tena. Kapu linafurika karatasi safi zilizoandikwa upande mmoja, na katikati yake umo mwaliko wa harusi ya shemeji ya mtu.

Mwaka mmoja hali ikabana. Mkurugenzi akasema gharama za uchapaji zishuke, la sivyo chumba cha Mzee Tona kifungwe na kazi ipelekwe nje. Mzee Tona akasimama kikaoni, tai yake imechomekwa, akaomba printa zote za mezani ziondolewe, kisha kila ghorofa ipewe mashine moja kubwa ya kisasa: inachapa, inatoa fotokopi, inaskani, na inaandika pande zote mbili za karatasi bila kuambiwa. Tena kazi ukiituma kutoka mezani kwako haitoki. Inakungoja mpaka uje mwenyewe uiguse mashine kwa kadi yako.

Mkurugenzi akamjibu mbele ya watu: "Sawa, tujaribu. Lakini ikituaibisha kwenye mkutano mkuu wa wanachama, printa zinarudi mezani, na wewe unakwenda nyumbani."

Wakati huo mke wa Mzee Tona alikuwa anasubiri kupasuliwa goti, na bima ilikuwa ya ofisi. Mwingine angefuta kauli. Yeye alirudi chumbani kwake, akaichukua kwanza printa yake mwenyewe, ile ambayo mkewe aliishonea kifuniko cha kitambaa, akaipakata mpaka stoo kama mtoto aliyelala. Ndipo akazifuata zenu.

Yowe lililopigwa! Mhasibu mkuu aliikumbatia yake kwa mikono miwili. "Mzee Tona, sasa utanivua na suruali?"

"Suruali haili wino, mkuu. Baki nayo."

Mkanuna. Watu wazima na shahada zenu, mkapita mlangoni kwake bila salamu. Mkutano mkuu ulipokaribia, mhasibu mkuu, mwanasheria na wenzao wawili watatu wakakaa jikoni kwangu, chai yangu mkononi, wakala njama. Kila mmoja atume taarifa nzima ya mwaka, nakala tele, wote kwa pamoja jioni ya kuondoka. Asubuhi karatasi zitakuwa zimemwagika mpaka mlangoni, mashine imekwama, mkurugenzi ajionee mwenyewe. Waliongea na mimi nipo palepale nasuuza vikombe. Walinihesabu kama birika.

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mzee Tona. Akacheka mpaka akakohoa. "Dada, waache watume."

Nikamwambia, "Goti la mkeo halichekeshi!" Akazidi kucheka. Nilitoka mle nimekasirika.

Asubuhi wakaja mapema kuliko walinzi, wamemtanguliza mkurugenzi. "Njoo uone, bosi, njoo uone." Nami nikafuata na ufagio wangu.

Korido ilikuwa safi. Hata kipande cha karatasi chini hakuna. Mashine imekaa kimya, taa yake ndogo inawaka, na Mzee Tona yuko pembeni anapanga vitabu vya mkutano kwenye maboksi.

"Nione nini?" mkurugenzi akauliza.

Mzee Tona ndiye aliyewasaidia kujibu, kwa sauti ya adabu kabisa: "Wakuu walituma kazi zao jana. Zimo ndani zinawangoja. Haya, waheshimiwa, guseni kadi ziwatokee."

Mngeona walivyoshika mifuko! Hakuna kadi iliyotoka. Mwanasheria akakumbuka ana kikao. Mhasibu mkuu akaniomba chai, na mimi nikamwambia maji hayajachemka. Ilipofika jioni mashine ikazifuta zile kazi yenyewe, bila kupoteza hata karatasi moja. Mlisahau kitu ambacho mlielezwa wiki nzima, kwamba kazi isiyo na mwenyewe pale haitoki. Kwa mkono wenu mlimwonyesha mkurugenzi karatasi zilikuwa zinapotelea wapi.

Habari ya kwenda nyumbani haikutajwa tena. Goti la mke likapasuliwa, na siku hizi wifi yangu yule ananipita kwenye ngazi. Karatasi tunazonunua hazifiki nusu ya zile za zamani, wino ni wa aina moja, na kabati la vikopo limekuwa la vikombe vyangu. Tena pale kwenye mashine watu wanaonana. Mhasibu mkuu alikuwa hajui kama dereva wake ana mapacha, akayajua hayo wakati anangoja zamu yake. Siku hizi anamsalimia Mzee Tona kwa mikono miwili, na mimi chai nampa.

Sisemi Mzee Tona ni malaika. Ana maneno, ana kiburi cha fundi, na tangazo langu la sukari alilirudisha mara mbili eti herufi ni kubwa mno zinakula wino. Lakini kosa lake kubwa ni kuwadekeza. Karatasi ikikwama, anaacha chakula anakimbia. Juzi alikuwa hospitali kupima presha, mwanasheria akampigia simu aje kufungua mlango wa mashine. Aka! Hata mtu akipimwa presha haachwi?

Mzee Tona, ndugu yangu, asante. Asante kwa kusimama kikaoni wakati ulikuwa na cha kupoteza, asante kwa kutowacheka hadharani wakati ulikuwa na haki ya kucheka. Nenda na heri, wewe na mkeo, mkalale mchana bila simu kuwaamsha. Afya njema, na siku nyingi za kukaa upendavyo.

Na ninyi wakuu wa idara: Alhamisi, mkishamaliza chai ya saa nne, wote mje kwenye mashine ya ghorofa ya chini. Kila mmoja ataufungua ule mlango wa pembeni na kuitoa karatasi iliyokwama kwa vidole vyake mwenyewe, na asirudi mezani kwake mpaka Mzee Tona aseme huyu ameweza.